Gari la Deraya Lililopimwa kwa Maksai

Jirani yetu wa kijijini, anayeshinda mjini kila siku, alisema sitaweza. Alisema mbele ya watu, nje ya karakana yangu pale Bariadi mjini, mkononi kashika kikombe cha chai niliyomnunulia mimi mwenyewe. "Fundi hajaliona gari, mwenye gari haoni. Sasa nani atamwambia mwenzake kwamba amekosea?" Watu walicheka mpaka mmoja akaweka kikombe chini asije akajimwagia.

Nami nilicheka, rafiki yangu, kwa sababu maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyonilea. Walisema mtoto wa kijijini Ngulyati aliyerudia kidato cha nne hatapata cheti kingine baada ya kile cha ubatizo. Nikapanda treni Malampaka na sanduku la bati, nikarudi na stashahada ya ufundi mitambo. Walisema karakana yangu haitamaliza msimu mmoja wa pamba. Leo nusu ya mageti unayoyaona ukiingia mjini nimeyachomelea mimi, na hiyo nusu nyingine unaweza kuijua kwa jinsi inavyokwama. Kwa hiyo jirani alipotamka lile neno, damu ilinichemka kwa furaha. Nilijua sasa kazi imeanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Baba yangu alikuwa dereva wa jeshi. Katika vita vya Kagera aliendesha gari la deraya, lile la chuma kinene, magurudumu sita, pua ndefu, nyuma wazi bila paa, askari wakikaa humo wamebana magoti. Alirudi nyumbani mzima, akavua magwanda, akashika jembe. Hakurudi na picha hata moja. Miaka mingi baadaye presha ya macho ikamchukulia nuru, kwanza jicho la kushoto, halafu na la pili. Tangu hapo alikuwa akikaa barazani mikono imelala mapajani, na siku moja mwaka huu nilimsikia akimwambia mama kwamba anaanza kusahau sura ya lile gari. Alisema kama mtu anayesema mvua zimechelewa. Mimi sikulala vizuri wiki ile. Nikaamua nitamtengenezea gari lake, dogo, moja kwa kumi ya lile lenyewe, la kushikika, ili alishike kabla halijamtoka kichwani kabisa.

Utaniuliza kwa nini nisitafute picha kwenye simu. Nilitafuta. Zilikuja deraya za kila namna, zenye magurudumu manne, sita, manane, ndefu na fupi, na aliyepaswa kunyoosha kidole akasema hili ndilo, hakuwa na macho ya kuzitazama. Baba hajui jina la kiwandani. Wao kambini waliliita gari tu. Nilipomuuliza urefu, akanijibu papo hapo, bila kufikiri: kutoka pua ya Kamanda mpaka mkia wa Mpishi.

Hapo lazima nikurudishe nyuma kidogo, maana ukikosa kuwajua Kamanda na Mpishi hutaelewa chochote.

Tulikuwa na maksai wanne wa kulimia. Watu wengine waliwaita ng'ombe wao kwa rangi na pembe. Baba alikuwa ametoka jeshini, akawapa vyeo. Jozi ya mbele ilikuwa Kamanda na Koplo, jozi ya nyuma Sajini na Mpishi. Mpishi alikuwa mnene, mvivu, mweupe mwenye madoa ya kahawia, na baba alisema kila kikosi lazima kiwe na mmoja wa hivyo. Bibi yangu hakupenda vyeo vile. Aliona ng'ombe anadharauliwa akiitwa koplo, wakati amezaliwa na ng'ombe aliyetolewa mahari.

Mvua za kwanza zikishuka, tulitoka nyumbani umande ungali kwenye nyasi. Mama alikuwa ameshatufungia matobolwa kwenye kitambaa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu, ukivitafuna vinalainika taratibu na utamu unakuja mwishoni, kama mtu mwenye aibu. Kulikuwa na kibuyu cha maziwa mgando kinachonuka moshi. Njiani baba alisalimia kila mtu, mwangaluka huku, mwangaluka kule, na mhola zikarudi kutoka mashambani hata kwa watu tusiowaona. Mimi nilishika kamba ya mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kumwongoza Kamanda anyooke, nyayo zangu kwenye udongo mweusi unaonata, pumzi yake ya joto mgongoni kwangu. Nyuma yangu nilisikia mnyororo, kwanza ukilalama ukiwa umelegea, halafu kimya ukiwa umekaza, na baada yake sauti ya plau ikifungua ardhi. Mpaka leo hakuna mashine niliyoisikia ikitoa sauti tamu vile, na mashine nimezisikia nyingi, nina stashahada yake.

Mwalimu wetu wa hesabu alizoea kutuambia kwamba mtu asiyejua kipimo huuza debe kwa bei ya kopo. Msemo huo niliubeba mpaka chuoni. Kwa hiyo baba aliponipa kipimo chake cha ng'ombe sikucheka. Nilikigeuza kuwa cha kitaalamu. Kamanda na wenzake waliuzwa zamani, lakini mjomba wangu bado ana maksai wakubwa. Nikaenda zizini kwake na futi ya chuma, nikampima mmoja, nikampima wa pili, nikajumlisha. Mita nne na nusu na ushee. Gawanya kwa kumi. Nikarudi mjini mbio, kichwa kinawaka.

Kilichofuata ni kuazima. Usishangae, mashine yangu ya kuchomelea mageti ingetoboa bati jembamba kama karatasi. Nilihitaji vyombo vya mikono midogo. Fundi redio akaniazima pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kulehemu. Mama anayetengeneza koroboi na ndoo sokoni akaniazima mkasi wake wa bati, akaniapia kwamba nikiukatia waya atanitangaza. Fundi wa katambuga, anayekata viatu kutoka kwenye matairi, hakuniazima kisu, alisema kisu ni kama mke, ila aliniazima tupa na kunichongea magurudumu sita madogo, na ukiyanusa yalinuka barabara. Na jirani, huyuhuyu wa kikombe cha chai, akaniazima jiliwa yake ndogo ya kubania kazi. Alinipa huku akisema anataka awepo karibu nitakaposhindwa.

Nilifanya kazi, rafiki yangu. Nilikunja boneti, nikatoboa matundu madogo ya kuonea, nikaweka vibao vya mbele vya kupitishia hewa, vinafunguka na kufunga kweli. Wateja wa mageti walisubiri. Nilipomaliza nililitazama nikajisifu kwa sauti, peke yangu. Nikalipeleka Ngulyati Jumapili baada ya misa.

Baba alinawa mikono kwanza. Akaliweka mapajani, akaanza puani. Vidole vyake vilipita kwenye vibao, kwenye matundu, vikatabasamu, kama vidole vinaweza kutabasamu. Halafu akashuka nyuma, na ghafla mkono ukaishia hewani. Akarudi mbele, akapima tena kwa shibiri. Mkono ukaishia hewani tena.

"Hili ni ndama, ng'wanawane," alisema kwa upole, akiniita mwanawe kwa Kisukuma. "Mimi niliendesha ng'ombe mzima."

Akanirudishia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Jirani alikuwepo, kama alivyoahidi. Alisema kwa gari fupi vile askari wangeenda vitani kwa zamu. Mama alimkaribisha michembe, vile vipande vya viazi vikavu, na karanga ili anyamaze, lakini mtu anaweza kucheka huku anatafuna.

Nilibaki Ngulyati siku ile na iliyofuata. Nilimuuliza baba tena, akarudia yaleyale, pua ya Kamanda mpaka mkia wa Mpishi. Nikamwambia nimepima. Akasema, "Basi labda kweli nimesahau mimi." Ndivyo alivyosema, rafiki yangu, na aliposema hivyo aligeuza uso ukutani. Afadhali angenitukana. Nilijitwika kazi ya kumrudishia mzee gari lake, na sasa nilikuwa namnyang'anya hata kile kidogo alichobakiza.

Asubuhi ya Jumanne nilitoka kwenda kumwomba mjomba nipime tena ng'ombe walewale. Nikamkuta tayari yuko shambani, ameshawafunga nira, jozi mbele na jozi nyuma, wamesimama wanasubiri. Mnyororo ulikuwa umelala chini kwenye majani. Akapiga mluzi. Ng'ombe wa mbele wakaanza kutembea, wale wa nyuma wakiwa bado wamesimama, mnyororo ukainuka kutoka ardhini, ukatingisha umande, ukakaza. Na sauti ile ikanyamaza.

Nilisimama palepale kama mtu aliyeitwa jina. Niliisikia tena pumzi ya Kamanda mgongoni kwangu, kama utotoni. Nikamsikia baba, kijana, sauti yake ikitoka mbali kule nyuma kwenye mikono ya plau, tukifika mwisho wa shamba: chukua kona pana, gari hili refu, ukikata mapema utaniangushia askari wangu. Kila siku alisema vile, nami nilidhani ni mzaha. Kumbe hakuwahi kuwapima ng'ombe wake zizini. Aliwapima kazini, wakiwa wamevuta, na ule mnyororo katikati ulikuwa sehemu ya gari lake.

Nilikimbia nikipunga futi. Mjomba alidhani nimeumwa na nyoka. Nikamwomba asimamishe wale wa nyuma tu, awaache wa mbele wavute, nikapita kando nikipima kutoka pua hadi mkia, naye akiwaomba radhi ng'ombe wake kwa Kisukuma kwamba huyu kijana amesoma sana, wamvumilie. Mita sita na nusu na zaidi kidogo. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakatingisha masikio.

Nilirudi karakana, wala sikulirefusha lile la kwanza. Nilianza upya kabisa, bati jipya, na tupa ya watu ikafanya kazi mpaka ikang'aa. Jirani alipita kila jioni kuulizia jiliwa yake. Nilimwambia asubiri, vita havijaisha. Hakuna geti nililowahi kulitengeneza kwa mikono yenye haraka na moyo wenye utulivu kama ule.

Siku ya pili ya hukumu barazani palijaa. Mjomba alikuja, mama alipika ugali wa mtama na kuku, wajukuu walikaa chini kwenye mkeka. Baba akanawa mikono. Akaanza puani, akashuka taratibu, na safari hii mkono haukuishia hewani. Ulifika ukingo wa nyuma ukasimama, ukagusa mlango wa kushukia, ukarudi mbele, ukaingia upande wa dereva. Alifunga macho yake yasiyoona. Mguu wake wa kushoto ukainuka ukakanyaga sakafu, polepole, ukitafuta klachi.

Jirani, ambaye kunyamaza kunamchosha kuliko kulima, akamuuliza, "Afande, una hakika?"

"Sura ya mjukuu wangu wa mwisho siijui," baba akasema. "Hili nalijua."

Baada ya hapo akaongea. Alitutajia majina ya waliokaa nyuma, nani alikaa upande gani, nani alikuwa akiimba, nani alikoroma hata gari likiruka. Mama alisema ameishi naye miaka yote hii na majina yale hakuwahi kuyasikia. Chakula kilipoa na hakuna aliyejali. Mimi nilikaa pale nimevimba kwa fahari kama andazi, na sioni aibu kukwambia.

Ikabaki kurudisha vyombo vya watu. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Mama alifunga matobolwa na karanga vifurushi vinne. Nikavipakia kwenye pikipiki. Baba akaniita, akaniuliza gari ni la nani. Nikamjibu ni lako, baba.

"Basi aliyeazima vyombo ni mimi," akasema. "Nitarudisha mwenyewe."

Tukaenda mjini, mimi nikiendesha, yeye nyuma yangu amepakata gari. Sokoni mama wa koroboi aliukagua mkasi wake kwenye mwanga, akaridhika, akamwambia baba wabeja, yaani asante. Fundi redio alizima redio zake zote ili azungumze naye. Fundi wa katambuga alizungusha magurudumu yake kwa kidole kama mtoto. Wa mwisho alikuwa jirani, kwake Ngulyati; pikipiki tuliiacha nyumbani tukaenda kwa miguu. Alipokea jiliwa na kifurushi, akafungua, akaanza kutafuna palepale, akasema bado anaona boneti imepinda kidogo. Sikubishana. Deni la mwisho lilikuwa limelipwa, na mimi sina deni kwa mtu yeyote Simiyu nzima.

Kutoka kwa jirani mpaka nyumbani ni njia fupi. Zamani ilipita katikati ya pamba. Sasa ni viwanja, matofali, na kelele za pauatila ikilima kipande kilichobaki. Ng'ombe wa plau, ukiacha wa mjomba, unaweza kutembea siku nzima usikutane nao. Kati ya wote waliopanda gari lile, baba alisema, amebaki yeye. Fimbo yake aliiacha kwa jirani makusudi. Aliweka mkono juu ya boneti, nami nimelibeba, tukatembea hivyo, yeye ndiye anayeendesha.

"Punguza," akasema. "Kuna mfereji hapo mbele. Pitia kulia."

Mfereji ule ulifukiwa mimi nikiwa chuoni. Njia ilikuwa tambarare, kavu, imenyooka mpaka mlangoni kwetu. Nikapunguza mwendo. Nikapitia kulia.