Kikohozi Nyuma ya Pazia

Muuza dawa wetu wa Garsen ana vidole safi, na kila chupa huifuta kwa kitambaa kabla ya kuikabidhi. Sauti yake haipandi. Akiuza dawa ya kikohozi hurudia maneno yale yale: "Hii haigusi kifua. Inakwenda kwenye ubongo, inaubembeleza usiagize kikohozi." Wateja huitikia kana kwamba wamepewa habari njema. Juzi mchana nilimkuta na Gumato, mke wa mfugaji, aliyekuwa akimnywesha mumewe dawa hiyo nyumbani.

"Kikohozi imekufa," Gumato alisema akitabasamu. "Sasa yeye nalala tu. Hata maziwa nakataa."

"Anapumua?" nilimuuliza.

"Napumua, polepole. Nipe ingine, kikohozi isirudi."

Muuza dawa alikuwa ameshaishika chupa mtoto wake alipokohoa nyuma ya pazia, anakoishi na familia yake. Mkewe akatoa kichwa. "Baba Stacy, nimpe kijiko cha hiyo?"

"Thubutu," alisema, bado kwa sauti ile ya chini, akiivuta chupa kifuani. "Mwache akohoe, atoe uchafu. Ukikizima kikohozi, makohozi yatamjaa ndani."

Gumato aliacha kutabasamu. Nilimwambia ampeleke mumewe hospitali ya Ngao siku ile ile, asimpe hata tone jingine. Alimtazama muuza dawa, na muuza dawa alikuwa akiifuta chupa, taratibu, mpaka kwenye kitako.

"Ngao ni mbali, mama," alisema, akamwekea chupa mkononi.