Bao la Korongo

Siku yangu ya kwanza ya uamuzi nilipuliza filimbi na hakuna mtu aliyesimama. Ilikuwa mechi ya kirafiki Igogo, upepo unatoka ziwani. Beki aliudaka mpira kwa mkono, nikapuliza, wachezaji wakaendelea kana kwamba sipo, na beki yuleyule akatoa pasi ndefu iliyozaa bao upande wa pili. Mimi bado nilikuwa nimenyoosha mkono kuonyesha mpira wa adhabu. Mkufunzi wa Waamuzi, mwalimu mstaafu wa michezo, akaingia uwanjani polepole, mikono nyuma.

"Magesa," akasema, "umewapulizia wachezaji au ulikuwa unapoza chai?"

Timu zote mbili zilicheka. Nikacheka na mimi, kwa kuchelewa kidogo.

Wakati huo nilikuwa fundi baiskeli, na ufundi huo ninao hadi leo. Sheria kumi na saba za mpira nilijifunza mwenyewe, nikizisoma kibandani wateja wanapopungua, mpaka nikazijua kwa kichwa. Kitabu hakikunifundisha pumzi. Mkufunzi alinitoa kando ya uwanja akanionyesha: mpulizo mfupi kwa kosa la kawaida, mrefu kwa kosa kubwa, na mkali kabisa kwa penalti, ili hata mama anayekaanga samaki barabarani ajue kuna jambo. "Filimbi ndiyo sauti yako," alisema. "Mdomo utunze kwa ajili ya ugali."

Kwa kijana anayeitaka kazi hii, nieleze nani ni nani. Mwenye filimbi ni mwamuzi wa kati. Pembeni, kila upande, yupo mwamuzi msaidizi, ambaye watu humwita mshika kibendera. Yeye huangalia wachezaji waliootea na huangalia kama mpira umevuka mstari. Jukwaani hukaa kamisaa wa mchezo. Kamisaa hapulizi chochote, lakini ripoti yake ndiyo inayokupandisha daraja au kukurudisha kwenye mechi za shule za msingi. Nilishika kibendera misimu kadhaa kabla ya kupewa filimbi, na sijutii. Mshika kibendera hujifunza kutazama mstari wakati watu wote wanatazama mpira.

Kituo changu cha kwanza cha kudumu kilikuwa Mkolani. Uwanja wa huko una jabali linalochungulia ndani ya mstari wa pembeni, na hakuna aliyewahi kuwa na nguvu ya kulihamisha. Katibu wa Waamuzi, mtu mkali mwenye soksi zilizopigwa pasi, alinipa agizo moja tu: "Kabla ya mechi, waite makapteni wote wawili mbele ya jabali. Wakubaliane. Mpira ukiligonga, umetoka." Nikafanya hivyo kila Jumapili. Niliona wageni wakilibishia jabali kwa dakika nzima, halafu wakalisalimia na kwenda kucheza.

Baadaye nilipelekwa Ukerewe, ambako mashabiki walitungoja gatini ili waanze kutulaumu kabla hatujashuka kwenye kivuko. Nikarudi mjini, nikapangiwa viwanja vya mitaani vya Kirumba. Huko ndiko kulitokea jambo ambalo watu bado wananiuliza nikiwa nafunga tairi.

Ilikuwa fainali ya ubingwa wa kata za mji. Dagaa Kali ya Kirumba ilicheza na Majabali ya Mkolani. Ni watani wa jadi. Wakikutana hata kwenye harusi hukaa meza tofauti. Dagaa Kali walikuwa hawajawahi kulichukua kombe hilo. Mimi nilikuwa wa kati, na upande wa ziwani kibendera alikishika Neema, binti wa familia ya wavuvi waliohamia Kirumba kutoka mwambao wa Mara. Mama yake aliuza dagaa Mwaloni, soko letu la samaki, katikati ya wanawake ambao wote, bila kubakiza mmoja, ni mashabiki wa Dagaa Kali.

Anayeijua Kirumba anawajua korongo wake, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Hufuata utumbo wa samaki Mwaloni, na wakishiba huja kusimama nyuma ya goli kama wazee wa baraza. Tumezoea. Hakuna mwamuzi anayesimamisha mechi kwa ajili ya korongo aliye nje ya mstari. Siku hiyo mmoja aliingia ndani hatua chache, karibu na mlingoti, wakati wote tumeligeuzia goli hilo mgongo.

Kipindi cha pili, bila kwa bila, namba tisa wa Dagaa Kali alipata mpira na kupiga. Shuti lilikuwa linatoka nje. Likampiga korongo kifuani, likageuka, likaingia wavuni. Korongo alikunjua mabawa, akatoa sauti kama mlango mbovu, akaruka. Kirumba nzima ikaruka pamoja naye.

Mabeki wawili walikuwa mbele yangu, sikuona mguso. Niliona kibendera cha Neema kiko juu. Nikamfuata.

"Neema, umeona nini?"

"Ulikuwa unatoka, kaka. Ndege ndiye aliyeuingiza."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona wewe na jasho lako."

Sheria hapo haina utata. Kitu cha nje kikiugeuza mpira uliokuwa hauelekei golini, bao hakuna; mchezo huanza upya kwa mpira wa kudondosha, yaani mwamuzi huudondosha, na ndani ya boksi hupewa golikipa. Nikalikataa bao. Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Chupa za maji ziliruka, bahati nzuri zilikuwa tupu. "Korongo ni mwenyeji wa hapa!" mmoja alipiga kelele. "Jabali la Mkolani mnalihesabu, ndege wa Kirumba mnamkataa!" Mechi ikafika kwenye matuta ya penalti, Majabali wakashinda, kombe likapanda gari kwenda Mkolani.

Video ilizunguka kwenye simu za mji mzima. Kila aliyeitazama aliona alichotaka. Mimi nilitukanwa kwa kiasi cha kawaida. Mwamuzi asiyetukanwa hajachezesha fainali. Lakini hasira kubwa ilimwendea Neema, kwa kuwa yeye ni wa nyumbani. Mwaloni wanawake waliacha kumsalimia mama yake. Walipita mbele ya meza yake wakitazama ziwa.

Siku chache baadaye Neema alikuja kibandani kwangu, akaweka kibendera juu ya benchi, katikati ya spoku na minyororo.

"Chukua, kaka. Mimi ninaweza kuzomewa. Mama hawezi kukaa sokoni kama mgeni kwa sababu yangu."

"Ulikosea?"

"Sikukosea."

"Basi hiki kibendera mimi sina pa kukiweka. Hapa ni pa baiskeli."

Hakucheka. Nikajua tunakaribia kumpoteza mwamuzi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Jioni hiyo tukasikia kwamba mashabiki wa Dagaa Kali wametandika turubai Kirumba na wameketi matanga ya bao lao. Matanga kamili: mikeka, sufuria, wanawake wamefunga khanga kiunoni, na jeneza la boksi la samaki lenye mpira ndani. Mwenyekiti wa Waamuzi alitukataza kusogea. "Mkienda, itakuwa misiba mitatu," alisema. Nilimheshimu sana, lakini niliona hajaifikiria desturi yetu hadi mwisho. Msibani mtu akija kutoa pole, anapewa mahali pa kukaa na anapewa chakula kabla ya kuulizwa lolote. Hafukuzwi. Na watani, kama mwamuzi na shabiki walivyo, ndio wenye ruhusa ya kusema mbele ya maiti yale ambayo wengine hawawezi. Nilipomweleza hivyo alikuna kichwa, akasema, "Nendeni basi. Mimi sijawaona."

Nikanunua sukari na unga, nikampitia Neema. Alikuja kwa sababu mama yake alimwambia avae khanga na aende.

Tulipoingia, wote waligeuka kumtazama mwenyekiti wao. Mwenyekiti wa mashabiki ni Mama Kulwa, mwuza sato, mwanamke mwenye sauti ya kuita mitumbwi.

"Shikamoo, mama," Neema alisema. "Poleni na msiba."

"Marahaba. Umekuja kuhakikisha kama amekufa kweli?"

"Nimekuja kulia na nyinyi."

Mama Kulwa alitutazama, akatazama sukari, akatuonyesha mkeka. Kisha, kwa utani wenye meno, akasema: "Kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa naye dakika za mwisho, simama utusomee wasifu wa marehemu."

Nilitaka kumsaidia. Neema alikuwa ameshasimama.

"Marehemu Bao," alianza, kwa sauti ya katibu wa kanisa, "alizaliwa hapa Kirumba, kipindi cha pili, akiwa na afya njema na kelele nyingi. Baba yake ni namba tisa wa Dagaa Kali."

"Ndiyee!" turubai likaitikia.

"Mama yake ni korongo."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kumwandikisha mtoto. Baba akanionyesha kadi ya usajili. Nikamwomba mama naye kadi. Akaniangalia, akameza utumbo wa sangara, akaondoka. Nikabaki na mtoto nisiyejua kumwandikisha timu gani."

Wanawake walianza kushikana mabega. Mama Kulwa alikaza uso kwa nguvu zake zote.

"Na jabali la Mkolani lina kadi?"

"Mama, jabali linahudhuria kila mechi na wote wanakubaliana nalo mapema. Halijawahi kuondoka katikati ya mchezo kwenda kula Mwaloni."

Hapo turubai lilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alilala chali kwenye mkeka. Mama Kulwa alijifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Bao lilikuwa halali," alisema. "Hilo sitalibadilisha mpaka naingia kaburini. Lakini wewe mtoto una macho na una mdomo, na ni wetu. Leteni sahani!"

Tukala ugali na sato. Tukalizika lile boksi kwa heshima nyuma ya goli. Asubuhi yake Mama Kulwa alisimama mbele ya meza ya mama yake Neema akasalimia kwa sauti ambayo soko zima lilisikia. Mama alijibu, "Wabeja," asante ya Kisukuma, ambayo alikuwa hajawahi kuitumia. Jioni Neema alipita kibandani akachukua kibendera chake. Tangu hapo korongo akikaribia mstari Kirumba, mashabiki humwambia: "Kadi!"

Mimi nilistaafu magoti yaliposhindwa jaribio la mbio ambalo kila mwamuzi hupewa kabla ya msimu. Nilidhani nitahuzunika. Badala yake nimegundua raha ambayo sikuijua miaka yote ile: kukaa jukwaani na karanga mkononi, nikiishabikia Dagaa Kali. Nawashauri vijana wachezeshe kwanza kisha washabikie, maana kutoka jukwaani mistari yote imepinda kidogo kuelekea timu yako.

Msimu huu Dagaa Kali wamefika fainali tena, na mwenye filimbi alikuwa Neema. Nilikaa karibu na Mama Kulwa. Dakika za mwisho Dagaa Kali wakapiga kona, wakarukiana, mpira ukaingia wavuni. Neema akapuliza: golikipa amesukumwa. Filimbi ilisikika hadi Mwaloni, na wachezaji wote walisimama palepale. Hata mtu mmoja hakuendelea.

Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama juu ya benchi, karanga zimemwagika.

"Refa! Hivi wewe unaona kweli?"

Mama Kulwa akanivuta shati.

"Kaa chini, Magesa," akasema. "Sheria huzijui, kelele za nini?"