Santuri za Baba Asiyekuwa na Santuri

Aristote, mzaliwa wa Bukavu, ana miaka hamsini na miwili. Husukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini ughaibuni, huko Jette, kazi ambayo haimtaki mtu awe na maoni. Maoni yake yote ameyahamishia kwenye santuri. Anazo mia tatu, zote za rock and roll ya mwanzo, naye hushikilia kwamba bila hizo mtindo wa power pop usingezaliwa: wimbo wa dakika mbili, gitaa linalofoka, sauti tatu tamu zikipandana, kiitikio kisichotoka kichwani hadi Jumatano. Waliofuata, asema, waliongeza sauti ya mashine tu.

Kwa klabu ya wapenzi wa santuri kule Ixelles, hoja hiyo ingetosha. Lakini siku ya kwanza mwenyekiti, Laetitia, alimuuliza alizipata wapi. Jibu la kweli lilikuwa soko la mitumba, asubuhi ya mvua. Aristote akaona jinsi walivyoinama kumsikiliza, akasema, "Ni za marehemu baba. Alikuwa akizicheza Bukavu." Nyuso zikang'aa. Kwa miaka miwili baba huyo wa kubuni akaendelea kunawiri. Kufikia mwaka jana alikwishapata viatu vyeupe vya kuchezea dansi.

Baba halisi alikuwa mkatekista. Gitaa likilia redioni, alizima.

Jumamosi moja alasiri Aristote alikuwa mbele ya klabu, na mashine yake ndogo ya kuchezea santuri, akieleza wazazi wa power pop ni akina nani. Binti yake Keren, kwa kumwonea fahari, akaingia na bibi yake, Maman Bibiane, mama wa Aristote, ambaye Keren alimtoa kwake Evere bila kumwambia mtu. Laetitia akafurahi mno.

"Maman, ni kweli mzee alikuwa hodari wa dansi? Na vile viatu vyeupe?"

Aristote akakazia macho sindano ya mashine. Watu arobaini wakangoja. Maman Bibiane, ambaye Kifaransa chake ni cha kuongea na daktari na dereva wa basi tu, akamtazama mwanawe, kisha akajibu polepole, "Oui. Alicheza vizuri sana."

Wakampigia makofi.

Aristote akamrudisha kwa basi, mashine na santuri mkononi. Walipofika Evere, Maman akavua koti.

"Aristote, niko maman wa kanisa miaka quarante, arobaini nzima. Leo nimesema uongo mbele ya batu, tena juu ya mufu."

"Pardon, maman."

"Viatu vyeupe! Papa yako alikuwaka na viatu moya, nyeusi, ya misa."

Aristote akainama kufunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Bon. Tia ile disque. Nijue nimefanya zambi juu ya nini."

Akatia. Maman akasikiliza, mkoba magotini, kama anayengoja kuitwa kwa daktari. Wimbo ukaisha.

"Ni hii tu?"

"Ni hii, maman."

"Papa yako angezima."

Akaweka mkoba chini. "Alors, geuza. Upande ingine."

Aristote akageuza, bila kuthubutu kumtazama.