Utepe Mmoja, Mbwa Wawili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, siandiki ili mnionee huruma. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, piteni nalo hivyohivyo.

Juzi gari la matangazo lilipita hapa Bariadi, kipaza sauti kinalia: leteni mbwa na paka wachanjwe kichaa, ni bure. Wajukuu wangu wakamburuta yule mbwa anayefungwa mlangoni. Wale wawili wanaokwenda na ng'ombe wakaachwa. "Bibi, hao wako mbugani, nani atawakamata?" Maneno hayo niliwahi kujiambia mwenyewe, kijijini kwetu Zagayu, nikiwa na miaka tisa.

Kaya yetu ilizungushiwa ua wa minyaa. Msimu wa pamba, asubuhi ilinuka moshi na samadi. Bibi anageuza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kichanja, sisi watoto tunachambua pamba, nyeupe huku, fifi, ile chafu, kule, mpaka vidole vinachubuka. Tulikuwa na mbwa wawili: kizee kimoja cha kike kilicholala kwenye majivu siku nzima, na dume la kuchunga lililoitwa Mtachoka. Jina hilo baba alilitoa kwa ajili ya jirani yetu, mwanamke mwenye maneno. Akimwita mbwa kwa sauti, ujumbe unavuka ua. Jirani naye akatafuta mbwa, akamwita Hatuchoki. Jioni wanaita, huyu huku, yule kule, mpaka bibi anamfokea baba, "Si umwoe tu, tupumzike!"

Mwaka huo bwana mifugo alikuja kwenye ghala la pamba la ushirika. Akawaamkia akina mama, "Mwangaluka," akaanza kazi. Kila mbwa aliyechomwa sindano alifungwa utepe mwekundu wa kitambaa shingoni. Akatuambia, "Nikipita tena, asiye na utepe ni wa risasi." Mimi nilikipeleka kile kizee, na paka ndani ya gunia, akanikwaruza mpaka kwenye kiwiko. Mtachoka alikuwa mbugani na baba. Mama akaniagiza: kesho bwana mifugo atakuwa joshoni, umpeleke na huyo.

Mbwa wa kuchunga hajui kamba. Nilimvuta mpaka mwisho wa shamba, akakaa chini, akanitazama. Josho lilikuwa mbali. Nikarudi nyuma ya kihenge, nikafungua utepe wa kizee, nikauchana kwa urefu. Nusu nikamrudishia mwenyewe, nusu nikamfunga Mtachoka. Kisha nikajificha kwenye mtama mpaka muda wa kwenda na kurudi ukaisha. Mama akanipa kiazi kikubwa kuliko cha kaka zangu. "Leo umefanya kazi ya mtu mzima." Nikakila chote.

Pamba ilikuwa imeshauzwa siku Mtachoka aliporudi na ng'ombe hataki chakula, sauti imembadilika. Mdogo wangu, msichana wa miaka mitano, niliyemzoea mgongoni kwangu kama nguo, akamsogezea michembe. Mbwa akamng'ata shavuni. Mama akapiga kelele, jirani akaja mbio. "Kichaa hicho!"

Baba akamtazama mbwa shingoni. "Huyu kachanjwa. Mtoto kamshtua tu."

"Angekuwa wangu ungeshamchoma mshale."

"Wako ana utepe?"

"Anao!"

"Basi na wa kwangu anao."

Wakacheka kidogo. Mama akamwekea mtoto chumvi na majani kwenye jeraha, yakaisha. Maswa, hospitalini pale Nyalikungu, watu walikuwa wanachomwa sindano za tumboni wakiumwa na mbwa. Baba alikuwa na baiskeli. Kilichokosekana ni neno langu. Siku ya tatu Mtachoka akakutwa amekufa korongoni, baba akasema ni nyoka. Mimi nilijua si nyoka. Niliogopa fimbo. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Wiki chache baadaye mdogo wangu aliamka analilia maji, na kikombe kikifika mdomoni koo linamruka, anakitupa. Nikasema siku hiyo, mbele ya wote, nikageuza mgongo nipigwe. Nikangoja. Baba hakuinua mkono. "Mayu," aliniambia kwa upole, yaani mama kwa Kisukuma chetu, "ungesema siku ile." Akampakia mtoto kwenye baiskeli. Hospitali walimtazama, wakamwambia amrudishe nyumbani. Mambo hayo hayajabadilika mpaka leo: mgonjwa akishaanza kuogopa maji, hakuna wa kumponya.

Baada ya hapo baba hakumpa mbwa jina tena. Jirani naye aliacha kuita, jioni zikawa kimya. Sasa wote wamekufa. Minyaa iling'olewa, ghala halina bati, na mahali tulipomzika mdogo wangu wenye shamba wapya wanalima pamba. Sikuwakataza, ningewaonyesha nini? Nikiondoka mimi, hakuna atakayejua kwamba mtoto huyo alikuwepo. Wala sidhani kuandika huku kutasaidia. Gari la matangazo limeshaondoka, na mbwa wetu wawili wako mbugani sasa hivi ninapoandika.

Lakini nyumbani kwangu nimeamuru, na sikuomba maoni ya mtu. Anayeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, wa kwetu au wa njiani, aliyechanjwa au asiyechanjwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeficha lolote kuhusu mnyama huyo aseme hapohapo. Hatapigwa.