Kompyuta ya Komuni na Kibali cha Kumzika Baba

Kompyuta ilipoletwa kwenye ofisi ya komuni yetu, hapa Likasi, chef wetu, mkuu wa ofisi, aliifunika kwa kitambaa cha meza cha mke wake, akatukusanya makarani wote na kutangaza kwamba siku za kuwasumbua wananchi zimekwisha. Kuanzia sasa, karatasi iliyoandikwa kwa mkono haipigwi muhuri. Mashine za taipu, ambazo hazikuwahi kuhitaji umeme, akazigawa. Tulipiga makofi. Mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia ile kompyuta, na nilijiona kweli kweli.

Miaka ile ya tisini mji ulikuwa unakufa kidogo kidogo. Kiwanda cha shaba kilinyamaza, na umeme uliweza kukatika juma zima. Baba, aliyekuwa ameacha mapafu yake kwenye tanuru za shaba, akafariki katika juma la namna hiyo.

Bila kibali cha maziko, hakuna anayekuchimbia kaburi. Nikasimama mbele ya chef, kalamu mkononi, nikamwomba aniruhusu nikiandike mwenyewe.

— Apana, alisema. Hapa hatuandikake tena na mukono. Ngoja courant irudie.

Aliniambia kwa upole ningoje umeme, na upole ule ndio ulionichoma. Nilimchukia mtu yule. Bado namchukia.

Nyumbani uani palijaa watu wa kilio, wanawake wakilala chini kwenye mikeka pamoja na mama. Kwetu mjane humtazama mumewe usoni kabla sanduku halijafungwa, akamwambia maneno yake ya mwisho, ndipo anamwachia aende. Mama hakutaka kingine. Kila niliporudi aliniuliza kama karatasi imetoka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kukatika kwa umeme kulikozima kompyuta ndiko huko huko kulikozima baridi ya chumba cha maiti, na joto la Oktoba lilikuwa kali, mvua bado.

Shangazi zangu wakachoka kungoja. Wakajitwisha mikeka, wakakihamishia kilio kwenye korido ya komuni, wakaketi sakafuni na kuimba mbele ya mlango wa chef. Alijifungia ndani. Walikuwa wangali wanaimba taa zilipowaka.

Kibali kilitoka safi, herufi zimenyooka. Chef akapiga muhuri, akatupa pole, kisha akaniuliza kama sasa naona faida ya maendeleo. Nikaichukua karatasi, nikatoka.

Kwenye chumba cha maiti walitukabidhi sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari. Halifunguliwi, walisema, na harufu ilitueleza kwa nini. Mama akaweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo muda mrefu.

— Njo ye? aliniuliza, kama kweli ndiye baba. Weye ulimuona?

Sikuwa nimemwona.

— Njo ye, mama, nilimwambia. Jina yake iko mu karatasi.