Mama wa Maktaba na Vijana wa Hip-hop

Yule mama wa maktaba yetu hulamba kidole kabla ya kufunua kitabu, na huongea polepole kama anayebembeleza mtoto. Jumamosi vijana wa hip-hop wanakuja hata kutoka mbali kule Kitengela, naye anawapa ukumbi bure. Kila mmoja lazima aandike mistari yake kwenye daftari, na mama analigonga muhuri wa tarehe kama kitabu cha kuazimwa. Mimi sijui kusoma. Naenda kwa sababu tangu nimzike mke wangu, nyumbani kumenyamaza sana.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuja na kufuli. "Madam, maktaba ni ya kunyamaza. Hii makelele iishe leo."

Mama akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango. "Funga basi, mzee. Utatufungia sisi wote ndani." Akageukia vijana. "Nani alikuwa anaimba? Rudia, na ukaze sauti."