Kinanda Kisinyamaze

Asubuhi hiyo tulikuwa uani tukipukuchua kunde, sisi watatu. Syombua, mdogo wetu wa miaka tisa, alichoka mapema kama kawaida yake, akaingia nyumbani kutafuta kitu cha kuchezea. Akarudi na mkebe wa baba. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kunyolea, vifungo vinne vya koti la jeshi, na kinanda cha mdomo.

Baba alikuwa mpishi wa jeshi katika vita vya Wazungu. Alirudi na kinanda hicho kutoka ng'ambo, akakifungia kwenye mkebe, na sikumbuki hata siku moja akikipiga. Wakati huo alikuwa amekufa miaka mitatu, na mama alikuwa amemfuata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne ili niwalee Syombua na Mwende, wa katikati, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na akili nyingi kuliko watu wazima wote wa kijiji kile. Sisemi hivyo kwa sababu alikuwa ndugu yangu. Niliwajua watu wazima wenyewe.

Nikakiweka kinanda mdomoni, nikapuliza. Sauti nne zikatoka kwa pamoja, zikigombana.

"Mbuzi wa nani anazaa huko?" Mama Kavata, jirani yetu, akauliza kutoka upande wa pili wa ua wa miiba.

"Ni Dada Katunge, anajifunza kinanda," Mwende akamjibu.

"Msichana na kinanda? Basi ajifunze na sigara, amalize yote mara moja."

Alikuwa mama wa kanisa, na kanisani kwetu chombo chochote cha muziki kilihesabiwa kuwa hatua ya kwanza ya kwenda ngomani. Tulicheka. Tukarudia kunde. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kuwa ya mwisho ya kawaida, kwa sababu kabla ya kuzimaliza, habari zilifika kwamba ng'ombe wa kijiji cha juu wamechukuliwa na wachungaji wawili wamepigwa risasi.

Tulikaa mashariki kabisa ya Kitui, kwenye nyika, mwendo wa siku mbili kwa miguu hadi soko la Tulia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Waliotuvamia tuliwaita shifta, wote. Baadaye niliambiwa kwamba wengine wao walipigania nchi waliyoona ni yao, na wengine walikuwa wezi wa ng'ombe waliopata bunduki. Huenda ni kweli. Hiyo ni tofauti inayozungumzwa vizuri na watu walioketi kwenye viti.

Serikali ilituletea askari. Wakapiga hema kando ya kijiji, wakamaliza kuku wetu. Halafu ikampa bunduki mzee Munyoki, ikamfanya mkuu wa walinzi wa kijiji.

Tulimwita Koplo. Alikuwa amekwenda vita vile vile vya baba, na kwa maelezo yake ndiye aliyevimaliza. Alivaa koti la jeshi hata saa saba ya mchana wa Septemba. Alitembea kana kwamba kuna mtu nyuma anampigia ngoma. Bunduki aliisafisha kila siku mbele ya watu, na sijui mtu aliyewahi kumwona akilinda kitu.

Sisi Wakamba tuna ukelele wa hatari, unaitwa mbu. Mtu akiona hatari hupiga mbu, anayemsikia naye hupiga, mpaka nchi nzima inajua. Wiki ya pili ya askari, bibi mmoja alipiga mbu kwa sababu ya fisi. Lori la askari likazunguka vichakani nusu siku, petroli ikaisha, mkubwa wao akakasirika. Kesho yake mkuu wa kijiji akaita baraza, akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna ruhusa ya kupiga mbu bila idhini ya Koplo.

"Na shifta akiwa mlangoni?" mtu akauliza.

"Unatuma mtu kwa Koplo," mkuu akasema. "Atakuja aangalie kama ni shifta kweli."

Atakayekosa atachapwa viboko sita. Koplo alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa uzito, kama daktari. Mpaka leo nimesikia amri nyingi za kijinga maishani mwangu, lakini ile ilikuwa imevaa kofia.

Shida yetu ilikuwa maji. Mto wetu hukauka, ukabaki mchanga mtupu, na maji yako chini. Wakati wa kiangazi kila nyumba huchimba kisima chake katikati ya mto, kimo cha watu wawili. Mmoja hukaa chini kabisa akichota kwa kata, mwingine husimama kwenye ngazi ya mchanga katikati akipokea na kumimina kwenye kibuyu. Mdomo wa kisima huzungushiwa matawi ya miiba ili wanyama wasitumbukie. Ukiwa ndani huoni kitu ila kipande cha mbingu. Vibuyu vyetu vilichukua saa nzima kujaa, na saa hiyo nzima wadogo zangu walikuwa vipofu.

Mimi nilikaa kwenye ukingo, juu ya jiwe, nikilinda. Lakini ningewaambiaje bila mbu?

"Nitapiga mluzi," nikasema. Mwende akakataa.

"Shifta akisikia mluzi atajua kuna mlinzi. Tena mluzi unakatika ukivuta pumzi." Akafikiri kidogo. "Dada, piga kinanda, watadhani unacheza tu. Piga wakati wote. Tukisikia kinanda, tunachota. Kikinyamaza, tunavuta miiba juu yetu na hatutoki mpaka utuite kwa jina."

"Na kama siwezi kupiga vizuri?"

"Nani amesema vizuri? Usinyamaze tu. Tena ukinyamaza masikio yetu yatapumzika."

Ndivyo nilivyojifunza. Watu hujifunza kinanda cha mdomo kwa kutafuta wimbo. Mimi nilijifunza kwa kutafuta pumzi. Siku ya kwanza niligundua jambo ambalo baba hakuniambia, labda hakulijua: kinanda hiki hulia ukipuliza, na hulia ukivuta. Firimbi haiwezi hivyo. Kumbe mtu anaweza kuhema ndani yake, na kila pumzi, ya kwenda na ya kurudi, ikawa na sauti yake.

Lakini kujua si kuweza. Nilipuliza kwa nguvu mno, kizunguzungu kikanishika, nikaacha. Chini mtoni nikaona miiba ikivutwa mara moja. Nikaita majina yao, wakatoka wamekwaruzwa mikono.

"Dada, leo umetuua mara nne," Mwende akasema.

Nilijifunza kukaza midomo mpaka hewa iingie kwenye tundu moja. Nilijifunza kukung'uta mate kwenye kiganja katikati ya pumzi. Mchanga uliingia ndani, sauti mbili zikafa, nikafungua misumari yake kwa ncha ya kisu na kuutoa kwa unyoya wa kuku. Baada ya mwezi niliweza kupiga saa nzima: mbili za kupuliza, mbili za kuvuta, moja ndefu, kisha nyuma tena. Haukuwa wimbo. Ulikuwa mtu anayehema kwa sauti. Mama Kavata alianza kuja na vibuyu vyake saa zilezile zetu, akachota kwenye kisima chake karibu na chetu. Hakusema lolote kuhusu sigara.

Koplo alisikia. Akaja ukingoni siku moja, mikono nyuma.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Amri ilisema mbu, Koplo. Mimi sijapiga mbu."

Alivuta koti lake likae sawa, akasema, "Na hata hujui kupiga. Huko Burma, vitani, nilikuwa napigia makanali."

Siku yenyewe tulikwenda mtoni asubuhi, jua halijawa kali. Nilikuwa nimeamka na mdomo umepasuka, kidonda kibichi upande wa chini, na kila nilipovuta hewa nilionja damu. Mwende alikuwa kwenye ngazi, Syombua chini. Mama Kavata alikuwa kwenye kisima chake. Nilikuwa nimepiga labda nusu saa.

Koplo akatokea nyuma yangu na askari wawili vijana wa kambini. Alikuwa akiwasimulia Burma.

"Lete," akaniambia. "Unaharibu chuma ya jeshi. Wacha nionyeshe hawa watoto."

Nikatikisa kichwa nikiendelea kupiga. Nikanyoosha kidole kuelekea mtoni.

"Najua, najua. Isinyamaze. Haitanyamaza. Kwani mimi sina pumzi?"

Askari mmoja akacheka. "Msichana, pumzika. Angalia mdomo wako."

Nikampa.

Naliandika hili wazi kwa sababu si kweli kwamba alininyang'anya, ingawa nimewaambia watu hivyo. Nilimpa. Nilimpa katikati ya pumzi, na yeye akaingia palepale, na kati yetu hapakuwa na ukimya wa kutosha kupepesa jicho. Nilijivunia hilo.

Alipiga wimbo wa gwaride. Nakiri alijua kupiga. Alifunga macho, akagonga mguu, askari wakapiga makofi. Niliketi juu ya jiwe nikibonyeza kidonda kwa kona ya leso.

Kisha nikamwona Mwende.

Alikuwa amesimama juu ya mchanga, nje ya kisima, mikono mitupu. Alitazama upande wetu. Mikuyu ya ukingo ilituficha.

Akaanza kukimbia kuja kwetu.

Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Risasi zilitoka ng'ambo ya mto, kwenye matete. Walikuwa wamelala pale, nadhani tangu alfajiri, wakisubiri askari au maji. Sijui.

Mwende akaketi. Hivyo ndivyo ilivyoonekana, kama mtu aliyechoka.

Nilipiga mbu. Niliipiga bila idhini ya mtu.

Askari wawili walilala kifudifudi wakafyatua risasi mitini. Koplo aliangusha kinanda. Sikumwona akiondoka, niliona koti lake tu, mbali, kati ya vichaka, na bunduki yake ilikuwa bado imeegemea mkuyu.

Nilipofika kwa Mwende, alikuwa amekwisha kufa.

Mama Kavata alitoka kwenye kisima chake akatambaa mpaka pale tulipokuwa. Akavua leso yake akamfunika. Syombua tulimtoa baadaye, nilipomwita kwa jina. Miiba ilikuwa imevutwa vizuri juu ya kisima.

Tulimzika Mwende siku iliyofuata. Wiki hiyohiyo kulikuwa na baraza. Koplo alisimama mbele ya mkubwa wa askari akasimulia jinsi alivyopiga kinanda chini ya risasi ili wanawake wajue pa kukimbilia. Wale askari wawili walikuwepo. Walitazama viatu vyao. Mkuu wa kijiji akamshukuru, na baada ya muda Koplo akapewa koti jipya. Mimi nilitajwa pia. Nilionywa kuhusu mbu, lakini kwa sababu ya msiba nikasamehewa viboko.

Nilimchukua Syombua tukaondoka. Tulitembea hadi Tulia, tukapata lori, na mwishowe tukafika Tawa, kwa kaka yake mama. Nililima vibarua. Niliuza nyanya, baadaye nikapata kibanda cha chai Malili kwenye barabara ya Mombasa. Syombua alisoma mpaka akawa muuguzi. Hilo nililifanya, na silionei haya kulisema.

Kazi nyingine niliyofanya miaka hiyo yote ilikuwa kumdharau Koplo. Niliifanya kwa bidii. Niliposikia madereva wakisifu askari fulani, mimi niliwasimulia ya Koplo na koti lake, na kibanda kizima kilicheka. Nilijua kumwigiza anavyotembea.

Habari za kifo chake zilinifikia miaka zaidi ya ishirini baadaye. Nilikuwa nimekwenda Tawa kwa Syombua, tunachambua maharagwe. Nikamwambia kwamba walimzika kwa heshima, na kwamba ile hadithi ya kinanda chini ya risasi ilisomwa kaburini, mbele ya mchungaji.

"Walisoma pia jinsi alivyoacha bunduki kwenye mti?" nikasema. "Mjinga yule. Angefumbua macho angemwona Mwende mapema. Angenyamaza, Mwende angebaki ndani."

Syombua hakucheka. Akaweka ungo chini.

"Dada, wewe unafikiri Mwende alitoka kwa nini?"

"Vibuyu vilikuwa vimejaa."

"Havikuwa vimejaa. Nilikuwa bado nachota."

Nikaacha kuchambua.

"Alisikia kinanda kimebadilika," akasema. "Aliniambia, 'Huyo si dada. Wamemchukua dada.' Nikamwambia tufunge, akasema sheria ni kikinyamaza, na hakijanyamaza, kwa hivyo dada yuko hapo karibu, labda ni mzima. Akaniambia nilale chini nisitoke mpaka niitwe kwa jina. Akavuta miiba juu yangu, akaenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilikuwa na miaka tisa. Halafu nikakua, na wewe ulikuwa na Koplo. Niliona anakusaidia."

Nilichukua ungo wake nikaendelea kuchambua, nikitoa mawe. Kulikuwa na mengi. Sikupata lolote la kusema juu ya Koplo, na nilijaribu. Alikuwa mwoga na mwongo na alikufa hivyo, lakini sheria yetu alikuwa ameishika. Hakunyamaza hata kidogo.

"Alisema anakwenda kufanya nini?" nikauliza mwishowe.

"Kukutazama tu. Kujua kama uko sawa."

Nilikuwa sawa. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe, napumzisha mdomo.